Kitabu Nilichokinyoosha

Shida ilinianza mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi. Baba alifariki kwetu Kiriba wakati wa palizi, na kabla matanga hayajaanuliwa nikatolewa shule, darasa la pili, nikachunge mbuzi wa baba mdogo. Naanza na hilo ili ujue anayekueleza ni nani. Mimi si mtu wa ndoto. Sinywi, sivuti, na hakuna mganga aliyewahi kula kuku wangu. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, mchana wa saa nane, jua likiwaka mpaka mbuzi wamejificha. Watu wanapenda mizimu itoke usiku. Wangu alikuja mchana, akaitikia shikamoo yangu, akakaa kwenye kibao cha wateja.

Ufundi wa viatu sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua. Nikipata kiatu kibovu nakifumua chote, natazama kilivyokaa, nakishona upya vizuri kuliko kilivyokuwa. Hiyo ndiyo shule yangu. Ikaja ile miaka ya themanini. Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kuelewa. Sabuni foleni, sukari foleni, na viatu ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa na kibanda changu Nyasura, pale Bunda, nakata matairi ya malori nashona katambuga. Mwalimu alivaa, karani alivaa, bwana harusi alivaa. Wenye viatu vya ngozi vya zamani waliniletea nivifufue. Ngozi ya kutandika ndani haikuwepo, kwa hiyo nilibandika karatasi ngumu kwa gundi ya unga wa muhogo. Ilishika vizuri tu, ukichunga isilowe. Shida ya watu ndiyo iliyoninyanyua, sifichi.

Basi, mwaka 1984. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kutafuta matairi. Niliporudi, mke wangu Nyanjura akanionyesha kitabu.

"Ameleta mzee mmoja," akasema. "Mpole. Anataka ukishone mgongo. Amesema mgongo tu, kurasa zisiguswe. Atapita Ijumaa."

Usishangae mtu kuleta kitabu kwa fundi viatu. Nani mwingine alikuwa na shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta? Kilikuwa kinene, kimechakaa, mgongo umeachia. Jalada la mbele lilikuwa limechorwa chombo kama chungu kikubwa kinaelea kati ya nyota. Nyanjura alikuwa na darasa la saba, akanisomea maandishi: kitabu cha tatu cha mfululizo. Cha kwanza na cha pili hatukuwa navyo. Ndani kulikuwa na mwaka wa kuchapwa, 1995. Tukacheka. Sisi tuko themanini na nne! Nikasema mtambo umekosea. Nilikuwa sijui kwamba nimeanza kukosea mimi.

Jioni tatu mfululizo alinisomea kabla hatujalala. Ilikuwa hadithi ya mambo ya sayansi, ya watu wanaosafiri angani miaka na miaka, wanalala usingizi mzito ndani ya chombo na kuamka wakiwa mbali. Kuna rubani na mke wake. Kila sura imeandikwa juu jina lake na mwaka wa safari, na hapo ndipo nilipochukia. Sura ya kwanza ni mwaka wa arobaini na moja, rubani ni mzee na yuko peke yake. Sura ya pili, mwaka wa tatu. Ya tatu, mwaka wa kumi, wanamzika mke. Ya nne, mwaka wa tano.

"Simama," nikamwambia. "Huyu mwanamke si tumemzika?"

"Tumemzika."

"Sasa anapikaje?"

"Ni nyuma huko. Mwandishi amerudi nyuma."

"Amesahau nini nyuma?"

Nyanjura alicheka mpaka mtoto wetu Mafuru akaamka. "Baba Mafuru, mbona wewe mwenyewe ukimkumbuka marehemu baba yako huanzi alipozaliwa? Mara unaniambia alivyokufa, mara alivyokupa panzi ukiwa mdogo. Kitabu si kiatu. Kiache kilivyo."

Aliniambia hivyo. Na mwenye kitabu alikuwa ameagiza hivyo. Watu wawili. Ningesikia, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Akakimaliza, akafunga. Siku ya pili akambeba mtoto akaenda Musoma, kwa shangazi yake wa Buhare, kusaidia kuvuna. Mimi nikabaki na kitabu na kiburi changu. Kusoma tarakimu sijawahi kushindwa. Nikakifumua chote. Nikapanga sura kwa miaka yake, mwaka wa pili chini ya mwaka wa kwanza, mpaka wa arobaini na moja. Nambari za kurasa sasa zilikuwa zinaruka ovyo, zikanikera, nikaziondoa kwa kisu nilipokuwa nasawazisha kingo za chini. Mwanzoni kulikuwa na karatasi ngumu imeandikwa Yaliyomo, orodha ya sura zote kwa mpangilio ule wa zamani. Ya nini tena? Siku ileile alikuja katekista wa Butiama kuchukua viatu vyake vya ngozi, na cha kushoto kilikuwa kimepwaya. Nikaikata karatasi ile, nikaipaka gundi, nikaibandika ndani ya kiatu. Akajaribu, akatembea hatua tatu, akasema fundi Mungu akubariki. Akaondoka nayo.

Kitabu nikakishona kwa uzi mwekundu. Kilikaa kama tofali. Nilijipongeza.

Ijumaa ikafika.

Mimi simtazamagi mtu usoni kwanza, natazama viatu. Nikaona viatu vinasimama mbele ya kibanda, na mkono wangu ukasimama na nyundo juu. Viatu vile vilikuwa kazi yangu. Fundi anajua mshono wake kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Mimi huwa napiga mishono miwili kinyume kwenye kisigino, hakuna mwingine Bunda nzima anayefanya hivyo. Mishono ilikuwepo. Lakini vile viatu vilikuwa vimevaliwa miaka thelathini, arobaini, vimeiva, vimetiwa viraka juu ya viraka, na mimi kibanda nilikuwa nimekifungua miaka sita tu. Tena kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na kipande cha ngozi nyekundu. Ngozi nyekundu sijawahi kuishika.

Hapo ndipo nikainua macho. Mzee wa miaka kama sabini, mwembamba, ana kovu dogo kwenye nyusi. Nikampa shikamoo. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Marahaba, fundi. Umekishona?"

"Nimekishona, tata." Huku kwetu tata ni baba, na mzee yeyote ni baba. "Tena kilikuwa na kasoro kubwa. Nimekunyooshea. Sikutozi."

Alikichukua, akakaa kwenye kibao. Hakuanza mwanzo, alifungua mwisho kabisa. Akasoma. Nilimwona mdomo wake unatafuta kitu ambacho hakipo.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Nilikuwa nikifika hapa namkuta kisimani, anacheka. Ndivyo kilivyokuwa kinaisha. Alinisomea mke wangu mwenyewe, kila mwaka mara moja. Tulikaa miaka saba tu, fundi. Alipoondoka nikabaki nakisoma mwenyewe, na kila nikifika mwisho namkuta." Akaniwekea kidole kwenye ukurasa. "Wewe umeniwekea mzee yuko peke yake na kaburi nyuma yake. Hilo ninalo nyumbani."

Nikajitetea. Nikasema miaka ilikuwa imechanganyika. Nikasema mtu yeyote mwenye akili angenishukuru. Unajua mtu mwenye kiburi anavyoongea akishajua amekosa? Hapunguzi, anaongeza.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akakirudisha kitabu mezani kwangu, polepole, juu ya vipande vya tairi.

"Jumapili jua likizama nitakifuata popote ulipo. Kiwe kama kilivyokuwa. Kisipokuwa, na ya kwako yatanyooka kama ulivyoyanyoosha yangu."

Akaondoka. Niliinama kutazama nyayo zake kwenye vumbi. Zilikuwepo, na alama ya kisigino ilikuwa ya kwangu.

Sikuelewa maneno yake mpaka jioni, dereva wa lori la pamba aliponipa kikaratasi kutoka Buhare. Shangazi alikuwa ameandikisha kwa mtu: Nyanjura ana homa siku ya tatu, hajui nyumba wala mtoto, dawa tunatafuta hatujapata, njoo. Nikakaa chini. Hadithi iliyonyooka inakwendaje? Niliipanga mimi mwenyewe, naijua. Mke anakufa katikati, mume anazeeka peke yake mpaka mwisho. Ndivyo yatakavyokuwa yangu.

Sasa niambie wewe ungefanyaje. Uende kwa mkeo moja kwa moja? Akili ilinituma hivyo. Lakini kitabu nitakipangaje? Nambari nilizikata. Sura zilizidi thelathini, na nilizikumbuka nne tu za mwanzo. Mpangilio wa kweli ulikuwa sehemu moja tu duniani, chini ya mguu wa katekista.

Alfajiri ya Jumamosi nikapata lori mpaka Makutano. Kutoka pale hapakuwa na gari, mafuta yalikuwa shida kila mahali, nikatembea mpaka Butiama na kitabu kwenye mfuko wa turubai. Njia nzima nilikuwa nasikia mtu ananiambia nyuma, mkeo anakufa na wewe unafuata kiatu. Nikigeuka hakuna mtu. Nadhani nilikuwa mimi.

Katekista nilimkuta uani kwake, anavipaka viatu mafuta ya mgando kwa ajili ya ibada ya kesho.

"Fundi wa Bunda! Umeleta vya mama watoto?"

"Nimekuja kuvichukua hivyo."

"Hivi?" Akavikumbatia kifuani. "Fundi, nilishakulipa kila kitu. Kesho naongoza ibada. Unataka nisimame miguu mitupu kama Musa?"

"Musa si alivua, tata?"

"Aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

Nikapiga magoti, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti tangu nichunge mbuzi. Nikamwambia nataka karatasi tu iliyo ndani ya kiatu cha kushoto, mke wangu ataponea hapo, usiniulize. Alinitazama sana. Mkewe akatoka jikoni, akasema, "Mpe, Baba. Mtu hapigi magoti kwa karatasi." Akanipa. Nikaomba maji ya uvuguvugu, nikaloweka, nikasubiri gundi ilainike. Nilikuwa naibandua kwa ncha ya kisu huku jasho linadondoka. Ningeharakisha ingetoka vipande. Ilitoka nzima, imechorwa alama ya kisigino kwa jasho la mtu wa Mungu, maandishi yanasomeka. Yaani yalisomeka mpaka mistari mitatu ya chini. Hapo kisigino kilikuwa kimekula wino wote.

Kiatu chake kililowa, kisingekauka kwa ibada. Nikavua katambuga zangu nikampa. Zilimtosha. Mimi nikaingia barabarani miguu mitupu.

Nilifika Buhare Jumapili asubuhi, kwa kutembea na kwa kudandia trekta. Shangazi alinipokea mlangoni na maneno yake. "Umekuja? Nilidhani unamshonea mkuu wa mkoa! Kikaratasi kimetoka Ijumaa!" Nilistahili. Nyanjura alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yananitazama yasinione. Mwili wake ulikuwa wa moto kama jiwe la figa. Kaka yake alikuwa ametoka kutafuta kwinini mjini tangu juzi.

Nikakaa pembeni ya mkeka nikakifumua kitabu. Shangazi akashika kichwa. "Mkeo yuko hivi, wewe unashona kitabu?"

"Shangazi, niache. Utanitukana kesho."

Nilisoma orodha kwa kidole, herufi moja moja, nikatafuta sura, nikaiweka chini, nikarudi kwenye orodha. Msomi angemaliza kwa dakika chache. Mimi ilinichukua mpaka jua limeanza kuelekea ziwani. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilichukia lile darasa la pili. Mwisho zikabaki sura tatu mkononi, na mistari mitatu iliyofutika. Sura ya kisima niliijua, mzee alisema ndiyo ya mwisho. Hizo mbili nyingine, ipi itangulie? Moja mwaka wa ishirini, moja mwaka wa nane. Nikibahatisha nikakosa? Kivuli cha mpapai kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Nikamwinamia Nyanjura. Nikamwambia sikioni, "Mama Mafuru. Kile kitabu. Kabla ya kisimani kulikuwa na nini?"

Nikauliza tena. Nikauliza tena. Shangazi alikuwa analia sasa, anadhani nimerukwa na akili.

"Anamshonea," Nyanjura akasema. Sauti ilitoka chini sana.

"Nani anashona?"

"Mke. Anamshonea nguo ya safari… halafu kisimani." Akavuta pumzi. "Si nilikwambia ukiache?"

Hata kwenye homa ya kufa mwanamke hasahau alichokwambia. Nikapekua kwa kidole, nguo ya safari nikaikuta kwenye ile ya mwaka wa nane. Nikapanga, ya ishirini, ya nane, kisima. Nikapiga uzi. Shazia iliniingia kwenye kidole mara mbili, doa la damu liko kwenye mgongo wa kitabu hata sasa, popote kilipo. Nilipofunga fundo, nilisikia mtu anakohoa nje.

Alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa, jua liko nyuma yake, robo yake tu imebaki juu ya maji. Sikuwa nimemwambia Buhare. Sikumwambia mtu yeyote Bunda. Nikampa kitabu kwa mikono miwili. Akafungua mwisho, akasoma amesimama. Nikaona uso unalegea kama mtu aliyetua mzigo.

"Yupo," akasema.

"Nisamehe, tata."

"Siku moja utanishonea viatu, fundi. Vishone vizuri." Akageuka, akashika njia ya ziwani. Njia ile imenyooka, haina kichaka. Niliangalia nyuma kwa sababu mtoto alilia, nilipotazama tena njia ilikuwa tupu.

Ndani, Nyanjura alikuwa anatoka jasho, anaomba uji. Usiku kaka yake akarudi na kwinini, Nyanjura akameza, akapona kabisa. Shangazi mpaka anakufa alisema ni kwinini. Na wewe sema hivyo kama unataka. Mimi nakwambia uji uliombwa kabla dawa haijafika.

Miaka ikaenda. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, viatu vya Ulaya vikamwagwa chini sokoni kama dagaa. Nani tena atavaa tairi? Wenzangu walifunga. Mimi nikageukia kutengeneza hiyohiyo mitumba, na kushona viatu vya ngozi kwa wanaotaka kitu cha kudumu. Ndipo mwaka 1996, mchana, wakaja kijana na mkewe, ndiyo kwanza wameoana, wanasukumana na kucheka kama watoto. Kijana ana kovu kwenye nyusi.

"Fundi," mke akasema, "nataka umshonee huyu viatu visivyokufa. Viatu vyake vyote anaviua." Akafungua kikapu akatoa mkoba mkuukuu wa ngozi nyekundu. "Na hiki kipande kitie kwenye kisigino, ajue nimemfuata nyuma."

Chini ya mkoba ndani ya kikapu kulikuwa na kitabu kipya kabisa. Chombo kama chungu, kati ya nyota. Alikuwa amekinunua Mwanza.

Ningesema nini? Niambie. Mama, una miaka saba? Nilishika kalamu nikapima miguu ya kijana. Viatu vile nilivishona wiki nzima, na sikuchukua malipo. Yule mke alipokuja kuvichukua nilimwambia jambo moja tu. "Hicho kitabu, msomee mumeo. Kila mwaka. Kisome kama kilivyo." Akacheka. "Kwani kinasomwaje vingine, baba?"

Mwaka wa nane kijana alikuja peke yake kubadilisha soli. Sikumwuliza. Nilimshonea. Bado yuko, namwonaga mjini, nywele zinaanza mvi. Hanijui kwa lile. Kwake bado halijatokea.

Basi nakuonya. Ukiletewa kitu cha mtu ukaambiwa shona mgongo tu, shona mgongo tu. Na kama unasimuliwa maisha ya mtu yakiwa mbele nyuma, usimwambie anyooshe. Hujui anamtafuta nani.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Nyasura. Vyumba sita vya wapangaji. Cherehani mbili za kushonea ngozi. Ng'ombe kumi na mmoja Kiriba, na shamba la baba nililolikomboa kutoka kwa baba mdogo. Watoto watano, wote wamesoma kunizidi. Nyanjura, yuko jikoni, anabishana na redio. Na karatasi moja ya Yaliyomo yenye alama ya kisigino, ambayo ile Jumapili nilisahau kuishonea ndani. Naitunza kwenye boksi la uzi. Mwenyewe akija kuiulizia, ipo.